Kutoka Azimio la Kazi Hadi Kipindi cha Kukaguliwa: Mwongozo wa BTP kwa Mwanachuo wa Ualimu

Kila msimu wa mazoezi ya kufundisha unapokaribia, maswali huwa yale yale. Azimio la kazi (mpango wa mada za kufundisha wiki kwa wiki) naanzia wapi? Lengo mahususi linaandikwaje? Zana nitatoa wapi na hela sina? Mkufunzi akiingia darasani bila kubisha hodi nifanyeje? Mwongozo huu unajibu hayo kwa mwanachuo anayekwenda BTP (Block Teaching Practice, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni) katika shule ya msingi Tanzania, awe anatoka Butimba, Korogwe, Mpwapwa, Tukuyu au chuo kingine chochote. Wa sekondari naye atapata cha kuchukua, ila mfano tutakaoufuata mwanzo hadi mwisho ni wa Hisabati Darasa la Nne.

Jambo moja lishike tangu sasa, maana hatua zote zinalirudia: kipindi husimama au huanguka kwenye lengo mahususi. Lengo likiwa legelege, zana zinageuka mapambo, maswali yanakuwa ya kubahatisha, na kengele inalia hujui umefika wapi.

Kuhusu fomu: mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika kwa awamu Januari 2024, kwa hiyo vichwa vya andalio (mpango wa kipindi kimoja) na azimio vinaweza kutofautiana darasa kwa darasa. Tumia fomu uliyopewa na chuo, na ukifika shuleni muulize mwalimu wa taaluma ipi inatumika kwa darasa lako. Majina ya hatua hapa chini ni yale yaliyozoeleka zaidi. Yakibadilika, kazi inabaki ile ile: anzia wanachokijua, jenga kipya, wape mazoezi, pima.

KABLA YA KUANZA

Nyaraka: barua ya utambulisho kutoka chuoni na nakala zake mbili, muhtasari wa somo, kitabu cha mwanafunzi, kiongozi cha mwalimu, ratiba ya shule na kalenda ya muhula. Muhtasari na vitabu vya kiada hutolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Usibebe muhtasari wa zamani uliorithi kwa waliokutangulia chuoni bila kuulinganisha na unaotumika shuleni.

Vifaa: kaunta buku mbili (moja ya maandalio, nyingine ya nukuu za somo), daftari la kupokelea maoni ya wanaokutazama, rula ya sm 30, kalamu za bluu na nyekundu, maka peni za rangi mbili au tatu, mkasi, gundi, manila chache, boksi la chaki, dasta, na saa ya mkononi. Saa usiipuuze. Simu haifai kuwa saa yako darasani, kwa sababu kila ukiitoa mfukoni macho ya watoto yanaifuata.

Maisha: tafuteni chumba wawili au watatu, karibu na shule kiasi cha kutembea kwa miguu. Anayepika ugali mara moja kwa siku humaliza kama kilo 2 za unga kwa wiki. Nunua unga na maharage ya wiki mbili za mwanzo kwa pamoja, hata kama gulio liko mbali, ili jioni zako ziende kwenye maandalio. Usipange bajeti kwa hela ambayo bado haijakufika mkononi.

HATUA

1. Ripoti, kisha tazama.

Fika na barua yako. Kama chuo kimesema upitie kwa Afisa Elimu Kata, pitia kwake kwanza. Shuleni anza kwa mwalimu mkuu, ndipo uende kwa mwalimu wa taaluma, halafu kwa mwalimu wa somo utakayemsaidia. Huyu wa mwisho ndiye atakayekufaa zaidi. Msalimie kwa heshima yake, shikamoo ikistahili mpe, na umwombe mambo matatu: idadi ya wanafunzi (wavulana, wasichana, jumla), mada waliyoishia, na ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa lake walau vipindi vitatu.

Ukiwa umekaa pale nyuma, andika: watoto wangapi wanakaa dawati moja, ubao unaonekana vipi kutoka kona ya mwisho, jua linaupiga ubao saa ngapi, nani hana daftari, nani anajibu kila swali na nani hajanyoosha kidole hata mara moja. Jaribu kukariri majina 10 kila siku. Mtoto anayeitwa kwa jina lake hutulia haraka kuliko anayeitwa "wewe wa shati lililochanika", na huyo wa pili umemuumiza mbele ya wenzake.

2. Hesabu vipindi, ndipo uandike azimio la kazi.

Wengi hufungua muhtasari na kuanza kunakili mada. Anza na kalenda. Tuseme mna wiki 8 na Hisabati ina vipindi 5 kwa wiki: hivyo ni vipindi 40. Toa wiki ya kwanza ya kuripoti na kutazama, vinabaki 35. Toa wiki ya majaribio, vinabaki 30. Siku mbili za sikukuu zikiangukia siku za kipindi chako, vinabaki 28. Hivyo 28 ndivyo utakavyovigawa kwa mada. Acha vipindi 2 au 3 vya kurudia, kwa sababu kuna siku mvua itanyesha juu ya bati hadi sauti isisikike, na kuna siku watoto wataitwa kwenye shughuli nyingine.

Jaza safu moja hadi mwisho kabla ya kuingia inayofuata: mwezi, wiki, umahiri, mada kuu, mada ndogo, idadi ya vipindi, vitendo vya kufundishia, vitendo vya kujifunzia, zana, rejea, zana za upimaji, maoni. Safu ya maoni iache wazi. Inajazwa baada ya kufundisha, na mkufunzi akiikuta imejaa "mada imeeleweka" mpaka wiki ya nane ilhali mko wiki ya tatu, hataamini hata yale uliyoyaandika kweli.

3. Andika lengo mahususi linalopimika.

Hapa kaa muda mrefu. "Mwanafunzi aelewe kujumlisha sehemu" halipimiki, kwa kuwa kuelewa hakuonekani kwa macho. Tumia vitenzi ambavyo mtoto akivifanya utaona au utasikia: kutaja, kuchora, kukokotoa, kubainisha, kutofautisha, kupanga. Kisha weka sharti na kiwango. Mfano:

"Ifikapo mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kujumlisha sehemu mbili zenye asili moja, na kupata maswali 4 kati ya 5 kwa usahihi."

Ona lilivyobana: sehemu mbili, asili (namba ya chini) moja, maswali matano. Halisemi kutoa, halisemi asili tofauti. Kabla ya kuendelea lijaribu hivi: andika yale maswali matano sasa hivi, pembeni. Ukishindwa kuyaandika, lengo halijaiva.

Maswali yenyewe yachague kwa makini. Tuseme umeweka 2/9 + 4/9. Jibu ni 6/9, na mtoto mwerevu atauliza kama ni sawa na 2/3. Swali lake ni zuri, lakini kurahisisha ni kipindi kingine, na ukilifuata dakika 10 zimekwenda. Siku ya kwanza weka yasiyorahisishika na yasiyofika kizima: 1/5 + 2/5, 2/9 + 5/9, 3/8 + 4/8, 1/6 + 4/6, 5/11 + 3/11.

4. Jaza andalio la somo.

Sehemu ya juu ni taarifa: shule, jina lako, somo, darasa, tarehe, kipindi, muda, walioandikishwa na waliohudhuria. Waliohudhuria jaza darasani baada ya kuwahesabu. Ukiandika nyumbani "88" na waliopo ni 79, kosa hilo litaonekana kabla hujafungua mdomo.

Kipindi cha Darasa la Tatu hadi la Saba kwa kawaida ni dakika 40, na cha Darasa la Kwanza na la Pili ni dakika 30. Dakika 40 zigawe hivi: utangulizi 5, maarifa mapya 15, kukazia maarifa 10, tafakari 5, hitimisho 5. Jumlisha kila mara. Maandalio yenye dakika 45 ndani ya kipindi cha 40 ni mengi kupita kiasi.

Safu ya vitendo vya kufundishia na ile ya vitendo vya kujifunzia zisiwe kivuli cha mwenzake. Kuandika "kuwaongoza wanafunzi kujadili" huku na "kujadili" kule hakumwambii mtu chochote. Andika kinachofanyika mkononi. Kwa maarifa mapya, mfano ukiwa 2/7 + 3/7 kwa mkanda wa visanduku 7 (utautengeneza hatua ya 5), upande wako: "Kugawa mkanda mmoja na vipande 5 kwa kila kundi, kuelekeza wapange vipande 2 vyekundu, kisha 3 vya bluu." Upande wao: "Kupanga vipande juu ya mkanda, kuhesabu visanduku vilivyojaa, kusema na kuandika jibu." Safu ya upimaji: "Je, kila kundi limepata 5/7?"

Andalio likamilike jioni ya kuamkia kipindi. Asubuhi lipeleke kwa mwalimu wa somo au wa taaluma alione na kusaini kabla hujaingia darasani.

5. Tengeneza zana kwa makunzi (vitu vilivyokwisha kutumika).

Darasa la watoto 88 kwenye madawati ya watu watatu lina madawati 30 hivi. Dawati la mbele likigeuka kutazamana na la nyuma yake, una makundi 15 ya watoto sita bila kuhamisha dawati hata moja. Kwa hiyo unahitaji seti 15.

Kata maboksi matupu ya dukani upate mikanda 15, kila mmoja urefu wa sm 28 na upana wa sm 4. Piga mistari kila baada ya sm 4, unapata visanduku 7. Halafu kata vipande vya mraba vya sm 4 kwa sm 4: 30 vyekundu na 45 vya bluu, na vingine kama 5 vya akiba, kwa sababu lazima vichache vitapotea. Kila seti (mkanda 1, vyekundu 2, vya bluu 3) itie kwenye bahasha kuukuu. Kwa ajili ya ubao tengeneza mkanda mkubwa wa sm 70 kwa sm 10, wenye visanduku vya sm 10.

Visanduku vikitofautiana hata nusu sentimita, vipande havitakaa sawa, na mtoto ataona sehemu ambazo hazilingani wakati unamwambia sehemu ni lazima zilingane. Pima kwa rula pande zote mbili za mkanda, juu na chini, ndipo uunganishe mstari.

Vizibo vya soda ni vizuri kwa kuhesabu, kujumlisha namba nzima na kuzidisha. Kwa sehemu havifai sana, kwani mtoto anaviona vitu saba, haoni kitu kimoja kilichogawanywa mara saba.

Chati ikihitajika na manila imekwisha, mfuko wa saruji wa karatasi unatosha. Ukung'utie nje, upepo ukiwa mgongoni mwako, maana vumbi la saruji huwasha macho na ngozi. Bandua tabaka la nje, utumie la ndani lililo safi. Gundi ipike mwenyewe: vijiko 2 vya chakula vya unga wa ngano, kikombe 1 cha maji. Vuruga unga kwa maji kidogo ya baridi mpaka mabonge yaishe, mimina maji yaliyobaki yakiwa yamechemka, koroga juu ya moto mdogo dakika chache hadi iwe nzito na kung'aa. Itumie siku hiyo hiyo au kesho yake, ikilala zaidi inachacha. Chati iliyobandikwa kwa gundi hii itundike juu, usiilaze sakafuni, panya na mende wanaipenda.

Herufi za chati ziwe na kimo cha sm 4 hadi 5. Ibandike ubaoni jioni darasa likiwa tupu, kaa dawati la mwisho, usome. Usiposoma wewe, mtoto hatasoma.

6. Upange ubao kabla ya kuugusa.

Kwenye kaunta buku chora mstatili, ugawe mara tatu. Kushoto: mada na maneno mapya (kiasi, asili). Katikati: mfano unaofanya kazi. Kulia: maswali ya zoezi. Tarehe, somo na idadi ya waliohudhuria juu. Kushoto na kulia havifutwi mpaka mwisho. Katikati ndiko panapofutwa. Ukiandika, simama kiubavu na usogee kadiri mstari unavyosogea. Ukibaki sehemu moja na kunyoosha mkono, mstari utapanda mlima.

7. Fundisha.

Utangulizi usiwe maamkizi na wimbo tu. Waulize 2/7 maana yake nini, kiasi ni kipi, asili ni ipi. Wakikosea hapa, usiingie kwenye kujumlisha. Ongeza dakika 3 papo hapo.

Toa maelekezo kwanza, bahasha baadaye. Vipande vikishafika mezani hakuna anayekusikiliza tena. Teua mgawaji mmoja kwa kila kundi, naye ndiye atakayehesabu na kurudisha.

Kosa utakalokutana nalo, jiandae nalo: 2/7 + 3/7 = 5/14. Mtoto amejumlisha juu na chini kama namba nzima, ndivyo alivyozoea tangu Darasa la Kwanza. Kumwambia "asili haijumlishwi" kutamfanya akariri leo na kusahau Ijumaa. Mrudishe kwenye mkanda: "Hesabu visanduku vyote. Vimeongezeka?" Bado ni 7. Kisha mpe chapati: nusu na nusu. Kwa njia yake atapata 2/4, yaani nusu. Muulize kama nusu chapati na nusu chapati zikiwekwa pamoja zinabaki nusu. Atacheka, na atajirekebisha mwenyewe. Hiyo iweke kwenye tafakari, dakika zako 5 zina kazi.

Ukiuliza swali, subiri. Hesabu moyoni hadi tano kabla ya kumtaja mtu. Na usiulize "mmeelewa?", jibu lake ni "ndiyooo" la darasa zima hata kama hakuna aliyeelewa.

ONYO: fimbo isiwe mkononi mwako. Kanuni za adhabu ya viboko zinampa mamlaka hayo mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Mwanachuo hayumo. Hata mwalimu mwenyeji akikwambia "wachape tu", kataa kwa adabu. Vilevile usipige picha za watoto na kuzitupia mitandaoni, na usimwite mwanafunzi chumbani kwako kwa sababu yoyote ile, hata kubeba madaftari.

8. Sahihisha na uandike tathmini siku hiyo hiyo.

Madaftari 88 kwa dakika moja kila moja ni karibu saa moja na nusu. Punguza mzigo wakati wa kukazia maarifa: pita na kalamu nyekundu, wanaomaliza mapema wasahihishie palepale. Kwenye tathmini usiandike "somo limeeleweka vizuri". Andika hivi: "Wanafunzi 71 kati ya 88 wamepata maswali 4 au zaidi. 17 wamejumlisha asili. Watarudiwa kesho dakika 5 za mwanzo kwa mkanda." Sentensi hizo tayari ni utangulizi wa andalio la kesho.

MAMBO YAKIENDA KOMBO

Mkufunzi ameingia katikati ya kipindi. Watoto wasimame wamsalimie, wakae, uendelee pale pale ulipokuwa. Usibadili somo wala kuanza upya. Faili lenye azimio, andalio, nukuu, muhtasari na shajara (kumbukumbu ya vipindi ulivyofundisha) liwe limekaa kwenye dawati la nyuma kila siku, ili asikusimamishe kuuliza.

Muda umekwisha na zoezi halijafanyika. Punguza maswali yawe mawili, uache tafakari, uandike ukweli kwenye tathmini. Likijirudia siku tatu, tatizo liko kwenye ugawaji wa vifaa au lengo lako lina mambo mawili ndani yake. Ligawe vipindi viwili.

Somo limekwisha dakika 10 kabla. Kila andalio liwe na maswali 3 ya akiba yaliyoandikwa pembeni. Njia nyingine ni kuwapa wabuni swali lao, wabadilishane na dawati la nyuma.

Kelele hazishikiki. Usipandishe sauti juu ya zao, utapoteza koo kabla ya wiki ya tatu. Simama kimya mahali pamoja, inua mkono, subiri waliokuona wawanyamazishe wenzao. Kelele zikianza kila baada ya kugawa vifaa, rudi hatua ya 7: maelekezo kwanza.

Mtoto ameuliza jambo hulijui. Sema utalitafuta, liandike pembeni ya ubao, na kesho anza nalo. Kubuni jibu kutakurudi, kwani nyumbani ana kaka na dada.

Mwalimu wa somo amekuachia vipindi vyake vyote na vya mwenzake. Chukua vile vilivyo kwenye ratiba uliyopewa na chuo. Vya ziada mweleze mwalimu wa taaluma kwa upole kwamba kila kipindi unakiandalia andalio, na jioni moja haitoshi maandalio sita. Akisisitiza, mpigie mkufunzi anayesimamia kituo chenu.

Kitabu cha mwanafunzi ni kimoja darasa zima. Andika zoezi upande wa kulia wa ubao kabla ya kengele, au nakili maswali kwenye makaratasi 15, moja kwa kila kundi, uyatunze kwa mkondo mwingine wa darasa hilo.

Fomu za tathmini hazijasainiwa na wiki ya mwisho imefika. Mwalimu mkuu huwa na safari na vikao. Mpelekee siku tano kabla ya kuondoka, zikiwa zimejazwa tarehe na jina lako, na uhakikishe zina saini pamoja na muhuri wa shule. Piga nakala, ya kwako iweke tofauti na ile unayoipeleka chuoni.